Miche Imeshika?

Kitu cha kwanza nilichokiona kilikuwa kidogo kama punje ya mchele. Kilikuwa cheupe na kigumu, kimeganda kwenye shina la mche wa mkoko. Nilikikwangua kwa ukucha, hakikutoka. Mche wa pili ulikuwa navyo vingi. Wa tatu ulifunikwa kuanzia chini hadi kwenye majani, umeinama kama mtu aliyetwishwa ndoo ya maji akasahauliwa.

Nilidhani miche imeota chunjua.

Nilisimama kwenye tope nikatazama huku na huku. Hakukuwa na mtu wa kumwuliza. Hata angekuwepo, nisingemwuliza. Mimi ni mtu wa kunyamaza. Shule niliiachia darasa la tano, na huko nako sikuwahi kunyoosha mkono. Hapa mtaani wananiita Kimya. Mama peke yake ndiye anayeniita "mwanangu," hasa akitaka nimtungie uzi kwenye sindano.

Niliosha miguu, nikarudi nyumbani.

Nyumba yetu iko ukingoni, mahali ambapo mkono wa bahari unaingia nchi kavu. Chumba cha mbele ni cha kazi. Cherehani ya Mama iko chini ya dirisha, na sare za shule zimetundikwa kwenye kamba, nyingine hazina mikono bado. Mama akiwa ametulia, cherehani huenda kwa mwendo mmoja. Akiwa na wasiwasi, hukanyaga pedali bila kitambaa. Sindano hupanda na kushuka, haishoni kitu.

Siku hiyo ilikuwa haishoni kitu tangu asubuhi.

"Umefika kule?" Mama aliuliza.

"Nimefika."

"Miche?"

"Ipo," nikasema.

"Ipo ndiyo nini? Hata kaburi lipo."

"Mingine imelala. Mingine haipo kabisa."

"Iliyolala ni mingi?"

"Iliyosimama ndiyo michache, Mama."

Pedali ikasimama.

Zamani mbele ya nyumba yetu palikuwa na mikoko. Mizizi yake ilisimama kwenye tope kama miguu ya buibui. Katikati ya mizizi hiyo samaki wadogo walijificha na kaa walichimba mashimo. Mjomba, kaka yake Mama, alikuwa akitega kaa papo hapo na kurudi kabla chai haijapoa. Kisha watu wakaikata. Wakajengea, wakapikia. Paa letu lenyewe linashikiliwa na nguzo za mikoko, kwa hiyo simnyooshei mtu kidole.

Mikoko ilipoisha, mawimbi yakaanza kula ukingo. Choo chetu cha zamani kilianguka baharini. Kisha ikaenda kamba ya kuanikia nguo, pamoja na nguzo zake. Mama akawa anatoka nje kila asubuhi kutazama ukingo kabla hajanawa uso. Hakusema anaogopa nini, lakini wote tulijua. Ukingo ukiendelea kuliwa, penye cherehani patakuwa bahari.

Ndipo Kasuku akaleta habari ya mfuko. Kasuku ni jirani yetu. Anauza sabuni na vocha za simu, na mdomo wake haufungi hata duka likifungwa.

"Kuna mfuko mdogo wa bahari," alisema. "Unasaidia vikundi vya watu wanaotunza pwani yao."

"Mdogo kiasi gani?" Mjomba akauliza. "Wa begani au wa shati?"

"Mfuko wa fedha, wewe! Watu wanachanga huko kwao, halafu wanatoa ruzuku."

"Yaani mkopo."

"Si mkopo. Ruzuku hairudishwi."

"Acha hizo," Mjomba akasema. "Mimi hata kiberiti nikiazima kwenu mnakidai."

Lakini safari hii Kasuku alikuwa amesikia vizuri. Tukaunda kikundi cha majirani. Kasuku akawa mhazini. Mama akawa mwenyekiti, kwa sababu ndiye aliyekuwa na viti.

Ombi lilitakiwa kuwa fupi. Tatizo lenu ni nini? Mtafanya nini? Nani atafanya? Mtajuaje kama mmefaulu? Kwenye tatizo tuliandika ukweli mtupu. Kwenye kazi tuliandika kwamba tutapanda miche ya mikoko, tena mingi sana, maana tulidhani wafadhili hupenda wingi. Tukachagua tope la mbele, lililo wazi. Halikuwa na mwenyewe, na picha zilitoka vizuri pale. Hakuna aliyeuliza mikoko yenyewe inapenda kukaa wapi.

Mfuko ukatoa nusu ya kwanza ya ruzuku. Nusu ya pili ingetoka wakishakuja kuona kazi. Siku ya kupanda tuliimba, tukapiga picha. Picha ilitoka vizuri kweli.

Sasa miche ilikuwa imelala kwenye tope, na simu ya Mama ikaanza kulia.

Mama aliitazama kama anayetazama nge. Alikuwa na pini mdomoni. Alizitoa moja moja, polepole, labda simu ikate. Haikukata.

"Habari za huko, mwenyekiti?" Ilikuwa sauti ya mwanamke wa mfuko. Sisi tulimwita Dada wa Mfuko.

"Nzuri tu, Dada. Nzuri kabisa."

"Miche imeshika?"

Mama akanitazama. Mimi nikatazama sakafu.

"Imeshika," Mama akasema.

"Vizuri sana! Basi keshokutwa nakuja kuiona."

Simu ilipokatika, Mjomba alikuwa mlangoni na mtego wake wa kaa, mtupu kama kawaida.

"Imeshika?" aliuliza. "Imeshika nini, tope?"

"Niache," Mama akasema.

"Nauliza tu. Tope nalo ni kitu cha kushika."

Jioni ile kikundi kilikutana kwetu. Kilikuwa kikao cha watu wasiokaa. Huyu anasimama dirishani, yule anazunguka cherehani, mwingine anakunja sare za watu na kuzikunjua.

"Wakijua imekufa, nusu ya pili ndiyo basi," alisema mama mmoja anayeuza samaki.

"Na hii ya kwanza je, wakiidai?"

"Niko njiani kuugua, msinitie presha."

Kasuku akapiga kofi moja. "Sikilizeni. Ipo njia."

"Wewe kila siku unayo njia," Mama akasema.

"Mgeni anakuja, anapiga picha, anaondoka. Si ndiyo? Kule nyuma ya tuta, pale lilipotoboka, kuna miche imejiotea yenyewe. Mizuri, ina majani. Tuing'oe, tuichomeke hapa mbele. Nani atajua?"

Tuta hilo liko upande wa kushoto wa nyumba yetu. Ni ukuta mrefu wa udongo. Lilijengwa na watu waliotaka kufanya bwawa la samaki. Bwawa likawashinda, wakaondoka, tuta likabaki. Sasa ni njia ya mkato ya kwenda sokoni.

"Huo ni uongo," Mama akasema.

"Uongo ulishausema kwenye simu, mwenyekiti. Huu ni wa kuusaidia ule wa kwanza usimame."

Mtu mmoja akacheka, kisha akaona aibu. Mama aligeuka. Aliangalia nje, ukingoni. Maji yalikuwa yakipiga, na kila yakipiga tulisikia udongo ukidondoka.

"Kesho asubuhi," alisema mwishowe. "Maji yakitoka."

Asubuhi tukaenda nyuma ya tuta na ndoo. Nilipong'oa mche wa kwanza, nikaona shina lake ni safi. Nikang'oa wa pili. Safi. Hakukuwa na chunjua hata moja. Nikamwonyesha Mama.

"Mama, tazama hii."

"Vuta, mwanangu, vuta. Tutakutwa na watu."

Nilikuwa na neno zaidi, lakini lilifika kooni likakaa. Tulivuta miche, tukaibeba, tukaichomeka kwenye tope la mbele kwa haraka, kama watu wanaoficha kitu cha wizi. Mama alichomeka akigeuka nyuma kila mara. Jioni yake hakula. Alishona mkono wa sare kwenye shingo, akaufumua, akaushona tena palepale.

Siku ya mgeni miche ilikuwa imelegea kwa maji ya usiku, lakini bado imesimama, tukapanga viti mbele ya nyumba. Tulikuwa tumepiga hesabu zetu. Dada wa Mfuko angefika asubuhi maji yakiwa mbali, aone safu za miche kwenye tope, apige picha, aondoke. Lakini gari lake lilipata pancha. Mama alisimama, akakaa, akasimama. Alifuta kiti kilichokwisha kufutwa. Bahari haikumngoja mtu. Ilikuja taratibu, ikafunika tope, ikafunika miche, ikasogea hadi karibu na viti.

Dada wa Mfuko alifika akiwa ameshika viatu mkononi. Tulitegemea mwanamke mnene mwenye miwani. Alikuwa mwembamba, na begani alikuwa na kimkoba kidogo cha kitambaa.

"Kumbe mfuko wenyewe ndio ule," Mjomba akaninong'oneza.

"Samahanini kwa kuchelewa," mgeni alisema. "Naona maji yameshajaa. Miche iko wapi?"

"Iko chini," Kasuku akasema upesi. "Chini ya maji. Imetulia kabisa."

Hapo ndipo mche wa kwanza ulipotokea.

Ulikuja peke yake, umesimama wima ndani ya maji, majani juu, kama mtu anayekuja kutoa salamu. Ulipita mbele ya viti. Nyuma yake ikaja miwili ikifuatana. Kisha likaja kundi zima, likiyumba na wimbi, likaja hadi miguuni kwa mgeni.

Sote tuliitazama.

"Miche hii ina adabu," Mjomba akasema. "Imekuja kumpokea mgeni."

"Si yetu hiyo!" Kasuku alisema. "Hiyo inatoka ng'ambo. Watu wa ng'ambo hawajui kupanda."

Dada wa Mfuko aliingia majini, akaokota mche mmoja. Akaugeuza, akaangalia mizizi.

"Huu haukung'oka," alisema. "Huu umeng'olewa."

"Unajua, Dada, mawimbi ya huku kwetu..." Kasuku akaanza.

"Kasuku," Mama akasema. "Basi."

Alisogea mbele. Mimi nilikuwa nyuma yake, maji yamenifika kwenye vifundo vya miguu. Niliona mguu wake wa kulia ukikanyaga mchanga, unakanyaga, unakanyaga, kana kwamba kuna pedali pale chini.

"Miche imekufa," alisema. "Ile tuliyopanda kwa fedha zenu imekufa karibu yote. Uliniuliza kwenye simu kama imeshika, nikakuambia imeshika. Haikushika. Hii tuliing'oa mahali pengine tukaichomeka hapa ili uione. Mimi ndiye mwenyekiti. Niliyekudanganya ni mimi."

Nyuma yangu nikasikia mtu akisema, "Ametumaliza." Muuza samaki akakaa chini kwenye mchanga, na viti vilikuwepo.

Mgeni alimsogezea kiti. Kisha akasema, "Kaa, mama."

"Siwezi kukaa."

"Basi tusimame wote. Nionyesheni iliyokufa."

Watu wakatazamana. Mimi nikaingia majini hadi magotini. Nikapapasa chini, nikang'oa mmoja wa ile ya zamani, nikamletea. Ulikuwa umefunikwa na zile punje nyeupe.

"Hivi mnavijua?" aliuliza.

"Kimya anasema ni chunjua," Mjomba akasema. Sijui alisikia lini. Labda naongea usingizini.

Dada wa Mfuko akatabasamu kidogo. "Ni wanyama wadogo wa baharini. Kila mmoja amejijengea nyumba ya gamba. Hukaa mahali ambapo maji yanafunika kwa muda mrefu. Wakiganda kwenye mche, mche unalemewa, unainama, unakufa. Ukiwaona kwa wingi hivi, ujue mche uko mahali pasipo pake."

"Lakini mkoko si mti wa maji?" Mama aliuliza.

"Ni mti wa maji yanayokuja na kuondoka. Unataka maji yaingie, halafu yatoke, upumue. Hapa mbele maji yanakaa mno, na mawimbi yanapiga. Mche mchanga hauwezi. Vikundi vingi hukosea hivyo hivyo. Wanapanda kwenye tope la wazi kwa sababu ndilo halina mwenyewe."

"Na picha hutoka vizuri," Mjomba akasema.

Sijui nini kilinisukuma. Labda ni kwa sababu maji yalikuwa baridi. Nikasema, "Kule nyuma haina."

Wote wakageuka. "Haina nini?" mgeni akauliza.

"Chunjua. Miche ya nyuma ya tuta ni safi."

"Mungu wangu," Kasuku akasema. "Ana sauti!"

"Nipelekeni," mgeni akasema.

Tukapanda kwenye tuta, mmoja nyuma ya mwingine. Upande wa pili kulikuwa na uwanja mkubwa wa udongo mkavu, mweupe kwa chumvi, na visiki vya mikoko ya zamani. Lakini pale mvua ilipotoboa tuta, maji ya bahari yalikuwa yakiingia kwa upenyo mwembamba. Kando ya upenyo huo ilisimama miche iliyobaki, kijani, imenyooka.

"Nani alipanda hii?" mgeni aliuliza.

"Hakuna," Mama akasema. "Ilikuja yenyewe."

"Ilipitia wapi?"

"Hapo. Mbegu zinaelea, zikaingia na maji."

"Na kule kwingine, mbona hakuna?"

Mama alisogea karibu. Alitazama upenyo. Akatazama ule udongo mweupe. "Kule maji hayafiki. Tuta limeyazuia."

"Na maji yaliyozuiwa, yakirudi yanakwenda kupiga wapi?"

Hatukuhitaji kuambiwa. Wote tuligeuka tukatazama nyumba yetu.

"Kwa hiyo kazi yetu haikuwa kupanda," Mama akasema polepole. "Kazi yetu ilikuwa kufungua."

"Mkiyafungulia maji, mikoko mingi itakuja yenyewe. Mahali ambapo mbegu hazifiki, hapo ndipo mtapanda, na mtachagua mahali maji yanapokuja na kuondoka."

"Lakini ombi letu limeandika kupanda!" Kasuku akasema. "Wino umeshakauka!"

"Ombi hubadilishwa," Dada wa Mfuko alisema. "Mnatuandikia kabla hamjatumia fedha kwa kazi mpya. Mnasema, tulijaribu hivi, ikafa kwa sababu hii, sasa tunataka kufanya hivi. Mnasubiri jibu. Ruzuku hairudishwi, lakini inaelezwa. Kazi ikienda vizuri inaelezwa. Ikishindwa pia inaelezwa. Mfuko mdogo kama wetu upo ili watu wajaribu, na tunayojifunza kwenu huwasaidia wengine wasipotee njia ile ile."

"Na uongo?" Mama akauliza. "Huo nao je?"

Mgeni akamtazama usoni. "Huo sitaunyamazia, mama. Nitaandika kwamba mlidanganya. Nitaandika pia kwamba ulisema mwenyewe, mbele ya watu. Waamuzi si mimi. Siwezi kukuahidi kitu."

Alipoondoka, Mama aliita kikao. Alisimama katikati ya chumba.

"Nimewaaibisha," alisema. "Chukueni kiti, mchague mwingine."

Kasuku akakuna shingo.

"Viti vyote ni vyako," alisema. "Tukikutoa wewe, tutakaa wapi?"

Watu walicheka hadi muuza samaki akafuta machozi. Kasuku mwenyewe hakucheka. Alisema tena, kwa sauti ndogo ambayo sikujua kama anayo, "Njia ile ilikuwa yangu, mwenyekiti. Samahani." Ombi jipya aliliandika yeye, Mama akisema na wengine wakisahihisha. Kila tulipoona neno "mingi sana" tulilikata.

Kusubiri jibu kulikuwa kubaya kuliko kungojea mgeni. Mama akawa hakai sehemu moja. Anapiga pasi nguo iliyokwisha kupigwa pasi, anafagia palipofagiwa. Simu ikilia kwa jirani, yeye anasimama. Wimbi moja kubwa likachukua kipande cha ukingo chenye ukubwa wa kitanda. Mama akaanza kunielekeza namna ya kufungua cherehani, mguu upande wake na mashine upande wake, ili tuweze kuibeba haraka.

Jibu lilikuja siku Mama ameenda kununua vifungo. Kasuku alitoka dukani mbio na simu, kandambili moja imebaki njiani.

"Wamekubali!" alipiga kelele. "Wamekubali, lakini wametufunga kamba!"

Masharti yalikuwa haya. Fedha zingetoka kidogo kidogo, kila hatua ikionekana. Risiti zote zingebandikwa kwenye ukuta wa duka la Kasuku, kila mtu asome. Tusiguse tuta kabla ya kupata ruhusa ya ofisi ya serikali ya mtaa na bwana misitu, na kabla ya kuzungumza na watu wanaopita pale. Tusing'oe tena mche uliojiotea. Na kila mwezi mtu mmoja atembee eneo lote na kutoa taarifa ya alichokiona.

"Kuandika kila mwezi?" muuza samaki akalalamika jioni, Mama aliporudi na kuita kikao. "Nani ana muda?"

"Wamesema si lazima kuandika," Kasuku akasema. "Mtu anaweza kurekodi sauti kwenye simu akaituma."

"Basi ni Kimya," Mama akasema.

Wote wakamshangaa, mimi zaidi.

"Kimya atatuma sauti?" Mjomba akauliza. "Watasikia nini, upepo?"

"Ndiye mwenye macho," Mama akasema, na hakusema zaidi.

Bwana misitu alikuja, akatuonyesha mahali pa kukata tuta, palepale mkondo wa zamani ulipopita. Wenye kupita njia walikuja juu, hasa mwenye baiskeli anayebeba magunia.

"Mnakata njia yangu! Nitapita juu ya vichwa vyenu?"

"Hatukati njia, baba," Mama akamwambia. "Tunaweka mabomba makubwa chini na mbao juu. Njoo upite ukiwa umebeba gunia. Tairi likilowa, utanidai sare ya mwanao bure."

Kazi ilipokwisha, alirudi kupita na gunia lake. Tairi halikulowa, lakini aliuliza kama ile sare anaweza kuipata hata hivyo.

Tulichimba kwa majembe na mikono. Siku tuta lilipokatika, tulisimama juu ya mbao kungojea. Maji yaliingia polepole, kama mtu ambaye hana hakika kama amealikwa. Yakazunguka visiki. Yakafika kwenye udongo mweupe, yakaulowesha, yakageuka, yakatoka tena. Hakuna aliyeimba. Muuza samaki tu ndiye aliyesema, "Haya, pita, pita," kama anayekaribisha wageni sebuleni.

Mvua zimekwisha kupita, zikarudi, zikapita tena. Mbegu ziliingia na maji, ndefu kama kalamu, zikalala kwenye tope, zikasimama zenyewe. Mahali pembeni ambako hazikufika, tulipanda sisi, kidogo kidogo, tukiangalia kwanza maji yanafika wapi na yanaondoka lini. Vijisamaki vimeanza kuonekana kwenye mkondo. Mjomba amepata kaa mkubwa, akampitisha nyumba kwa nyumba kabla ya kumuuza. Ukingo wa mbele haujapona, lakini haudondoki kama zamani, na chini yake kuna mche mmoja umeshika, wa kujiotea, hakuna aliyeugusa. Sasa Mama hunawa uso kwanza.

Wiki iliyopita Dada wa Mfuko alipiga simu. Mama alikuwa na pini mdomoni tena.

"Miche imeshika?" sauti ikauliza.

Mama akanipa simu.

"Mingi imeshika," nikasema. Sauti yangu ilitetemeka, lakini ilitoka. "Upande wa mbali mingine imekufa. Mbuzi waliingia wakala vichwa. Tunazungumza na mwenye mbuzi. Chunjua hakuna."

"Asante kwa kuniambia na habari ya mbuzi," alisema.

Mama akaendelea kushona, kwa mwendo mmoja.

Watu hapa mtaani bado huikumbuka siku ile ya miche kuelea. Huisimulia kwa kicheko, na wakifika kwenye maneno ya Mama husema, masikini, siku ile aliaibika. Mimi hunyamaza kama kawaida yangu. Lakini nilikuwa nyuma yako, Mama, na sikuona aibu. Niliona mgongo wako umenyooka wakati mguu wako unatetemeka. Nilitaka kukuambia palepale, neno likakaa kooni, likakaa hadi leo. Siku ile nilitaka kila mtu aliyesimama pale ajue kwamba mimi ni mtoto wako.